Manjanja na siterni zinazovuja Goma: namna ya kuziba, hatua kwa hatua

Mvua za Septemba zikianza kupiga, maswali yanarudi yaleyale. Mama wa Ndosho ananiambia: "Papa fundi, nilipaka sima (saruji) kwenye tundu la manjanja (mabati ya paa), haikumaliza wiki mbili ikabanduka." Kijana wa Kyeshero anauliza: "Siterni (tangi la maji) inapungua maji usiku na ufa siuoni, nifanye nini?" Nimeyajibu mlangoni, barabarani na kwenye simu. Sasa nayaandika, ili hata asiye na pesa ya kumwita fundi ajifanyie mwenyewe, na afanye vizuri.

Kabla ya kushika nyundo, shika hili: pale tone linapoangukia si pale maji yanapoingilia. Wengi wanaoziba na kuziba tena hawakukosa gudroni (lami) wala nguvu. Waliziba mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Goma inachosha nyumba kuliko miji mingi. Moshi wa volkano zetu hukutana na mvua, na mvua hiyo hushuka na asidi inayokula zinki ya manjanja, hasa kuzunguka misumari. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi, na kuta na siterni nyingi zikapasuka. Kisha mapigano ya Januari 2025 yakaacha matundu ya risasi kwenye mapaa ya watu. Ukikuta darini au juu ya manjanja chuma usichokifahamu, kinachofanana na bomu au sehemu ya bomu, usikiguse wala usikisogeze. Shuka, toa watoto, wapigie wanaotegua mabomu. Tundu lisubiri.

Vitu vya kuandaa

Kwa manjanja:

- ngazi imara, kamba, na mtu wa pili wa kukaa chini. Usipande peke yako
- brosi ya waya na karatasi ya msasa
- misumari ya manjanja yenye kofia na mpira, minene kidogo kuliko ile ya zamani
- gudroni ya kopo, ile inayopakwa bila kuchemshwa
- kitambaa kigumu cha pamba au wavu wa faiba
- kipande cha manjanja chenye mawimbi sawa na ya paa lako (chukua kipimo uende nacho soko la Birere, usikisie)
- mkasi wa kukatia bati
- thina kidogo na vitambaa safi
- rangi ya kuzuia kutu isiyo na plombi (madini ya risasi, ni sumu)

Kwa siterni ya sima:

- sima mpya. Ukiikuta na mabonge magumu, muuzaji abaki nayo
- mchanga uliooshwa. Ukiukamata mkononi ukaacha matope, uoshe tena
- dawa ya unga ya kuzuia maji inayochanganywa na sima
- tindo, nyundo, brosi, mwiko, ndoo mbili zilizo sawa, magunia ya kulowanisha

Chagua wakati pia. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri, na Januari na Februari mara nyingi huacha siku kavu kadhaa. Kuziba katikati ya Novemba kunawezekana, lakini utafanya kazi huku unatazama mawingu.

Kwanza: kutafuta tundu

1. Ingia ndani mchana jua likiwaka. Funga milango na madirisha, ziba mianya ya mbao kwa nguo, ukae kimya dakika tano mpaka macho yazoee giza. Mahali mwanga unapopenya, pitisha waya mwembamba au kijiti cha nyasi kitokeze juu. Hiyo ndiyo alama utakayoikuta ukipanda.

2. Nyumba ikiwa na plafoni (dari), toa kipande kimoja cha triplex uangalie juu yake. Usiamini doa la plafoni peke yake. Maji yanaweza kutembea mbali juu ya triplex kabla ya kupata mahali pa kushukia.

3. Fuata mstari mweusi kwenye mbao zinazobeba manjanja. Maji yakipita mara nyingi huacha njia. Panda nayo kuelekea kilele cha nyumba, maana maji hayapandi, yanashuka tu. Ukifika mahali mstari unapoanzia, umefika.

4. Kama bado huoni, mtu mmoja amwage maji juu na mwingine akae ndani. Anzeni chini kabisa, karibu na gutieri (mfereji wa maji ya paa), mpande kidogo kidogo. Kila sehemu mpe maji dakika tano hadi kumi kabla ya kusogea. Mkianzia juu, maji yatalowesha paa zima na hamtajua ni tundu lipi lililoitika.

5. Pima kwa mita kutoka kuta mbili, uandike. Ukiwa juu manjanja yote yanafanana.

Kazi ya kutafuta inaweza kukula nusu siku, na kuziba ikachukua saa moja. Usiionee uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha bati zima juu ya kitanda cha mzee mmoja wa Katindo, kwa sababu tone lilikuwa linaangukia kitandani. Mvua iliyofuata, tone likaanguka palepale. Tundu lilikuwa la msumari mmoja karibu na fetiere, yaani bati la kufunika kilele, mita tatu kutoka pale nilipofanya kazi. Maji yalikuwa yanateleza chini ya bati hadi kwenye mbao, ndipo yanadondoka. Mzee alikuwa amelipa bati ambalo nyumba yake haikulihitaji. Nilimrudishia pesa, na tangu siku ile sipandi na nyundo kabla sijapanda na waya.

Kuhusu kupanda: mguu wa ngazi ukiwa mita moja mbali na ukuta kwa kila mita nne za urefu, ngazi inatulia. Kwenye mawe yetu ya lava isimamishe juu ya ubao mpana, jiwe lisicheze. Juu ya paa kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake kuna mbao. Ukikanyaga katikati ya bati la zamani utatoboa, au utatumbukia. Asubuhi manjanja yana umande na yanateleza, kwa hiyo subiri yakauke. Radi ikisikika, hata mbali, shuka.

Pili: kuziba manjanja

Namna ya kuziba inategemea ukubwa wa tundu.

*Msumari uliolegea au kuota kutu*

1. Ung'oe huku umeweka kipande cha ubao chini ya nyundo, bati lisibonyee. Bati likibonyea linakuwa kibakuli cha kutunza maji.

2. Chomeka bisibisi kwenye mbao. Ikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao imeoza na hakuna msumari utakaoshika. Badilisha mbao kwanza.

3. Paka gudroni kidogo kuzunguka tundu, kisha piga msumari mpya, mnene na mrefu zaidi, wenye mpira. Ukae juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si kwenye bonde. Maji hupita kwenye bonde, na msumari wa bondeni ni uvujaji unaosubiri siku yake.

4. Acha kupiga mpira unapobana. Ukipasuka, ung'oe uanze upya.

*Tundu dogo, hadi ukubwa wa kifuniko cha chupa*

Hapa yanaingia matundu ya risasi na ya kutu.

1. Risasi huacha kingo zilizopinda. Mtu wa ndani ashikilie ubao chini, wewe uzigonge polepole mpaka zilale. Kingo ikibaki imesimama itakata kitambaa.

2. Sugua kwa brosi mpaka chuma king'ae, upana wa sentimita 10 kila upande. Kutu ikibaki chini ya gudroni itaendelea kula kimyakimya.

3. Futa vumbi na jivu kwa kitambaa chenye thina kidogo. Usivute sigara hapo, wala usiwe na jiko la makala (makaa) karibu. Acha pakauke kabisa.

4. Paka rangi ya kuzuia kutu, isubiri ikauke.

5. Paka gudroni, laza kitambaa kinachopita tundu kwa sentimita 7 kila upande, kikande kwa kidole kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kona zake zikate mviringo. Kona kali ndiyo inayoanza kubanduka.

6. Safu ya kwanza ikishika, paka ya pili ifunike kitambaa chote na kingo zake. Acha siku nzima bila mvua. Ukipata rangi ya alumini, ipake juu mwishoni, kwa sababu jua hukausha gudroni mpaka ipasuke.

*Tundu kubwa*

1. Kata kiraka cha manjanja kinachopita tundu kwa wimbi moja na nusu kila ubavu, na sentimita 20 juu na chini.

2. Legeza misumari ya bati la juu. Sukuma ukingo wa juu wa kiraka *chini* ya bati hilo, na ukingo wake wa chini uulaze *juu* ya bati la chini. Fikiria mpangilio wa magamba ya samaki. Wanaokosea hulaza kiraka juu ya kila kitu, kisha wanategemea gudroni izuie maji upande wa juu. Itazuia msimu mmoja.

3. Pigia misumari kwenye migongo, mahali penye mbao. Kata na toboa mbali na manjanja mazima, na ufagie vipande vyote vya chuma, maana vikilala juu ya paa na kunyeshewa vinaleta kutu mpya.

Bati likiwa na matundu sehemu tano au sita, usilishone kama shati la zamani. Libadilishe.

Makosa ninayoyakuta karibu kila wiki

Sima juu ya manjanja. Bati hupanuka mchana na kusinyaa usiku, sima haiwezi kufuata, inapasuka. Tena sima mbichi huunguza zinki, kwa hiyo unaondoka na tundu kubwa kuliko lile la mwanzo.

Silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, nayo hushambulia zinki. Nunua ile ambayo kopo lake limeandikwa "neutre", na kama muuzaji haelewi, fungua unuse.

Kuziba juu ya umande au jivu. Hakuna dawa inayoshika vumbi.

Kama unakinga maji ya paa kwa kunywa, gudroni iwe kidogo na ikauke vizuri, na maji ya mvua mbili tatu za kwanza baada ya kazi uyamwage au ufulie. Hata paa zima lisilo na kiraka, mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha jivu na uchafu, isiingie siterni. Jambo hili ni zito kwetu kwa sababu mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano inaweza kubeba floridi, ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Tatu: siterni ya sima

Watu wengi huona siterni inayovuja kuwa shida ndogo kwa sababu haimwagikii mtu kichwani. Pima hasara yake. Siterni ya mita 2 kwa mita 2 ikishuka sentimita 1 kwa siku imepoteza lita 40. Hizo ni bidoni mbili za lita 20 kila siku, na kuna mtoto atakayezifuata ziwani.

*Kujua kama kweli inavuja*

1. Jaza siterni, usichote wala kuongeza kwa saa 24. Weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji.

2. Kama iko wazi juu, jaza ndoo maji ya siterni hiyo, uisimamishe kwenye ngazi ya ndani, sehemu kubwa ya ndoo ikiwa ndani ya maji, na uweke alama ndani yake pia. Jua na upepo vitapunguza zote mbili sawasawa. Siterni ikishuka kuliko ndoo, inavuja. Bwawa la kuogelea hupimwa hivihivi, na ufa wake huzibwa kwa hatua hizihizi, ila vigae vinabidi kung'olewa kwanza.

3. Endelea kungoja. Maji yakishuka mpaka mahali fulani yakasimama, ufa uko kwenye usawa huo. Yakiisha yote, tafuta sakafuni, kwenye kona ya ukuta na sakafu, na kuzunguka bomba la kutolea. Kwa uzoefu wangu bomba na kona ndivyo vinavyoongoza.

*Kabla ya kuingia ndani: mazuku*

Soma sehemu hii mara mbili. Mazuku ni hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini sehemu nyingi za Goma, hasa magharibi, kuelekea Lac Vert na Bulengo. Haina rangi, haina harufu, na hukaa kwenye mashimo. Siterni iliyochimbwa ardhini na kubaki tupu ni shimo kama mashimo mengine. Aliyeingia huanguka, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

1. Fungua mfuniko, uache wazi siku nzima. Chota hewa kwa feni, au peperusha kwa shuka lililofungwa kamba, kwa muda mrefu.

2. Teremsha mshumaa unaowaka mpaka chini. Ukizimika, usiingie. Ukiendelea kuwaka, hicho bado si kibali, kwa sababu hewa inaweza kukudhuru kabla ya mshumaa kuzimika.

3. Anayeingia afungwe kamba chini ya makwapa, na watu wawili wenye nguvu wabaki juu wakiongea naye muda wote. Asipojibu, wamvute. Asishuke mtu.

4. Mashine ya esanse (petroli) ya kuvuta maji isiingizwe ndani, wala jiko la makala la kukaushia ukuta. Moshi wake unaua vilevile.

Kama umeshawahi kuona panya au kuku amekufa bila sababu kwenye shimo la parsele (kiwanja) yako, kazi hii si yako. Ita wenye vifaa vya kupima hewa.

*Kuziba ufa*

1. Jua kwanza kama ufa umetulia. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, na ubandike kipande cha karatasi kwa gundi kuuvuka, upande wa nje ulio mkavu. Baada ya wiki tatu au nne, karatasi ikiwa nzima na ncha hazijasonga, endelea. Karatasi ikichanika, ufa unatembea na sima haitaushika; unahitaji dawa laini inayovutika kama mpira, na pengine fundi wa kuangalia msingi.

2. Uchimbe kwa tindo upate upana na kina cha sentimita 2 hivi, ndani pawe pana kidogo kuliko mdomoni, ili kiraka kisichomoke. Wengi hupaka sima juu ya ufa bila kuuchimba. Hiyo ni kuficha tu.

3. Piga brosi, osha, lowanisha tangu jana yake. Wakati wa kuziba ukuta uwe na unyevu lakini maji yasisimame. Ukuta mkavu hunyonya maji ya sima, kiraka kinakufa kabla hakijakomaa.

4. Changanya sima 1 na mchanga 2, dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha pakiti. Maji yawe kidogo: ukikamata bonge mkononi likae bila kudondosha.

5. Pakaza uji wa sima tupu ndani ya ufa, kisha kabla haujakauka shindilia mchanganyiko kwa safu mbili. Shindilia kwelikweli, kwa kijiti.

6. Baada ya siku moja paka uji wa sima yenye dawa juu yake na sentimita 20 pembeni, mara mbili.

7. Funika kwa magunia yaliyolowa, uyalowanishe asubuhi na jioni siku 7. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua. Sima hukomaa kwa maji, haikomai kwa jua.

8. Jaza theluthi moja kwanza, subiri siku mbili, ongeza. Maji ya kwanza yamwage. Yana chokaa ya sima mpya na si ya kunywa.

Tangi la plastiki ni jambo jingine. Gundi haikamati plastiki ile. Linachomelewa kwa chuma cha moto na ukanda wa plastiki ya aina ileile, baada ya kukwangua pande zote mbili, mahali penye hewa. Kiraka kikifuata mshono wa chini, mara nyingi hakidumu.

Bado inavuja?

*Matone yanaonekana alfajiri hata bila mvua, yametapakaa chini ya manjanja yote.* Hilo si tundu. Ni jasho la bati: mvuke wa watu na wa jiko umekutana na bati la baridi. Fungua matundu ya hewa juu ya kuta.

*Inavuja kwenye mvua ya upepo tu.* Angalia fetiere na mahali mabati yanapopishana. Huenda mpishano ni mfupi.

*Ukuta umelowa juu lakini bati ni zima.* Safisha gutieri. Jivu na majani vikijaa, maji hurudi nyuma na kuingia ukutani.

*Kiraka cha gudroni kimevimba katikati.* Kulikuwa na unyevu chini. Kitoe chote, kausha, anza hatua ya brosi.

*Siterni imezibwa, bado inashuka, lakini polepole.* Funga robine (koki ya maji) kwa kizibo, upime tena saa 24. Nimeshaitwa mara nyingi kuchimba siterni ambayo kosa lake lilikuwa mpira wa robine. Ikiwa si robine, dondosha rangi ya chakula kidogo mahali unapopashuku, kwenye maji yaliyotulia, uangalie inavutwa wapi.

*Ufa umefunguka palepale mwaka uliofuata.* Ardhi bado inasonga chini yake. Usirudie sima.